Nilifurahi kufukuzwa jikoni

Leo sina jokes mingi.

Desemba tulienda kwa kogo, upande wa Molo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda huko nikiitwa jina langu la kiume. Kwa wageni hapa: mimi ni mwanaume trans, nilizaliwa nikaandikwa msichana. Mjomba alikuwa ameshasema kwa simu hanitambui, so kutoka Nakuru mpaka tufike tumbo lilikuwa linanikata kama siku ya mtihani.

Tulipofika nikaingia jikoni kusonga ugali, kama zamani. Kogo akaninyang'anya mwiko. "Toka. Wanaume wanakaa nje."

Maze, nilitoka nikitabasamu kama mjinga. Chuo niliacha kwa sababu ya vita vya jina kwenye vyeti. Audrey Mbugua, mwanamke trans, alishtaki KNEC na mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ikaamuru abadilishiwe cheti cha KCSE. Mimi sikuwa na doo ya wakili, wala huo moyo. Na sasa nyanya yangu ameniamulia kesi kwa mwiko!

Nikakaa na wazee. Nikaletewa chai, nikaongezwa. Halafu nikamwona dadangu mdogo akipita na karai la vyombo, peke yake. Tulikuwa tunaosha wawili. Hakuniangalia hata.

Usiku nikamuuliza kogo mbona kwake imekuwa rahisi hivi. Akasema kwao Nandi, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume angeweza kuoa mke, na akishaoa anahesabiwa mume. Mambo ya jikoni anaachia mkewe. Si stori za kale tu: mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa kama hiyo kwenye kesi ya urithi. Sisemi ni kitu kimoja na mimi. Ile ilikuwa ya mali na mrithi, yangu ni ya mwili na jina. Lakini lile la kuacha jikoni lilininyima usingizi.

Juu kwetu Free Area, tangu baba apoteze kazi ya udereva, mama ndiye analipa rent na mitumba, na baba ndiye anapika. Chapo zake hazina mpinzani. Lakini jirani akibisha, mwiko unatupwa na rimoti inashikwa. Nimemcheka miaka mitatu. Na mimi nilipewa kiti siku moja tu, nikasahau dadangu.

Asubuhi nikachukua karai. Kogo akanifokea nitoke jikoni kwake, nikatoka nalo. Nikaliweka pale pale wazee wanakaa, nikaanza kuosha. Mjomba akasogeza kiti chake mbali kidogo, hakusema kitu.

Dadangu akaja na maji ya kusuuza. Akainua sufuria moja, akaigeuza.

"Hii bado ina masizi, bro."

Hakuwahi kuniita hivyo.