Mfereji Usio na Mwenyewe

Mtu akaaye shamba ana nafasi. Nyumba yake imezungukwa na migomba, na kati yake na jirani yake kuna konde zima la mihogo. Akimwaga maji machafu nyuma ya nyumba, ardhi huyanywa. Akitupa maganda, kuku huyachakura, na yaliyobaki huwa mbolea. Walakini mtu akaaye mjini hana nafasi hiyo. Ukuta wake ndio ukuta wa jirani. Moshi wa jiko lake huingia dirishani mwa mwenzake, mtoto wake akilia usiku nyumba tatu huamka, na maji ayamwagayo mlangoni pake asubuhi hupita mbele ya milango ya watu kumi kabla ya adhuhuri. Wazee husema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Neno hilo ni kweli popote, lakini mjini ni kweli mara mbili, maana huko jirani hushiriki heri na shari ya mwenzake kila siku, apende asipende.

Mji wa Dar es Salaam ni mfano mzuri wa jambo hili. Ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, ukiwa mji mdogo kando ya bandari. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata watu zaidi ya milioni 4, na ile ya mwaka 2022 ikapata zaidi ya milioni 5. Yaani katika miaka 10 tu waliongezeka watu milioni 1, na wote walihitaji mahali pa kulala, maji ya kunywa, na mahali pa kutupa taka zao.

Katika mitaa ya zamani, kama Kariakoo, Ilala na Magomeni, nyumba ya desturi ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu upande wa kulia na vitatu upande wa kushoto, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Siku hizi nyingi zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake, lakini nyingine zingalipo. Mara nyingi kila chumba kina wapangaji wake. Jamaa sita hutumia ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Basi ujirani wa mjini hauanzi ng'ambo ya njia; huanza ndani ya mlango mmoja.

Mbele ya nyumba hizo hupita mfereji wa maji ya mvua. Mfereji huu una tabia ya ajabu: kila mtu ana haja nao, wala hapana mtu aliye mwenyewe. Baraza ina mwenyewe, naye huifagia kila asubuhi. Ua una wenyewe, nao hufagia kwa zamu. Lakini taka zifagiliwazo huishia wapi? Mara nyingi huishia mferejini. Huyu huacha maganda ya muwa, yule chupa ya plastiki, wa tatu majivu ya mkaa, na kila mmoja hujiambia kwamba chake ni kidogo. Na kweli ni kidogo. Walakini mfereji hautengi cha huyu na cha yule, hujumlisha.

Wakati wa kiangazi madhara yake ni harufu na mbu tu, na watu huzoea. Masika yanapofika, kati ya Machi na Mei, hesabu huletwa. Maji hushuka kutoka mitaa ya juu kwa nguvu, yakikuta njia imezibwa hupanda, na yakipanda hutafuta mlango. Wala hayaingii kwa yule aliyetupa chupa. Huingia kwa yule akaaye chini zaidi, ambaye pengine hakutupa kitu. Hii ndiyo dhuluma ya mfereji uliozibwa: atendaye yuko juu, na apatwaye yuko chini.

Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa mno ilinyesha Dar es Salaam kwa siku chache. Mto Msimbazi, ushukao kutoka vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda, ulifurika katika bonde lake. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu walipoteza makao yao. Baadaye Serikali iliwapa wengine viwanja Mabwepande, mbali na bonde lile. Mafuriko yale hayakuletwa na taka peke yake. Mvua ilikuwa nyingi kupita kiasi, na watu walikuwa wamejenga mahali ambapo mto hupita ukijaa. Hata hivyo, maji yatakayo kutoka mtaani hayana budi kupata njia, na taka huifunga.

Kuna jambo lililo baya zaidi ya chupa na maganda. Watu wa mji wana neno lao: kutapisha choo. Choo cha shimo kikijaa, mwenye nyumba huona kwamba gari la kunyonya maji machafu ni ghali, na pengine haliwezi kupenya uchochoroni. Basi hungoja usiku wa mvua kubwa, akatoboa shimo ubavuni mwa choo, uchafu ukatoka na kuchukuliwa na maji ya mvua. Asubuhi choo chake ni kitupu, naye hufurahi kwamba hakutoa hata senti. Lakini uchafu haukupotea. Umepita mlangoni mwa jirani, umeingia katika kisima kifupi cha nyumba ya tatu, na watoto waliokwenda kucheza katika maji ya mvua wameukanyaga.

Tena yako mabomba membamba ya plastiki yapelekayo maji majumbani, na mengi hupitishwa ndani ya mfereji wenyewe. Maji yanapokatika, bomba huwa tupu; likiwa na ufa, maji ya mfereji huingia ndani yake polepole. Maji yanaporudi, mtu hufungua bomba na kukinga ndoo yake bila kujua anachokinga. Hivyo ndivyo kipindupindu kinavyoweza kutoka choo cha mtu mmoja kikafika katika mtungi wa mtu asiyemjua. Mwezi wa Agosti 2015 ugonjwa huu ulizuka Dar es Salaam, ukaenea mikoa mingi ya Tanzania, ukaua watu wengi. Huua kwa kuwa humtoa mgonjwa maji mengi ya mwili kwa muda wa saa chache. Kwa hiyo mtu akianza kuharisha kama maji, na apelekwe hospitali upesi. Na njiani apewe kinywaji kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Jirani ajuaye hesabu hiyo aweza kuokoa roho ya mtu kabla gari halijafika.

Mbu nao ni mali ya mtaa mzima. Wako wa namna tatu wanaowasumbua watu wa pwani. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotuama yasiyo machafu sana, kama ya madimbwi. Mbu wa vyoo na mifereji michafu huuma usiku, naye ndiye aenezaye matende mijini. Wa tatu ana madoadoa meupe, huuma mchana, na huzaa katika mitungi, vifuu na magurudumu makuukuu; yeye ndiye aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014. Yai la mbu huchukua yapata juma moja au zaidi kidogo mpaka kuwa mbu arukaye. Kwa hiyo mtu akimwaga maji ya vyombo vilivyoachwa nje mara moja kwa juma, na kusugua mitungi kwa ndani, maana mayai hushika ukutani, atakuwa amekata uzazi wao.

Lakini akifanya hivyo peke yake itamfaa kidogo tu, kwa kuwa mbu hawajui mpaka wa kiwanja. Watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, walipata kuona faida ya kufanya jambo kwa pamoja. Mwaka 1988 vyoo vyao vya shimo vyenye maji vilitiwa vipunje vyepesi vya plastiki nyeupe vielevyo juu ya maji, ili mbu wasipate pa kuzaa, na watu wakapewa dawa ya matende. Mbu walipungua sana, na ugonjwa ukapungua pamoja nao. Siri ya kazi ile haikuwa vile vipunje tu. Siri ilikuwa kwamba watu walikubali vyoo vifunikwe nyumba kwa nyumba. Maana vingeachwa vichache, mbu wangekuwa na kwao.

Watu wengi wayajua mambo haya. Kinachowashinda si kujua, bali ni kumwambia jirani. Wengine hunyamaza kwa kuogopa ugomvi, wakajaza hasira moyoni mwaka mzima. Wengine husema, lakini husema wakiwa dirishani, kwa sauti ya kusikiwa na mtaa wote: “Nyinyi wa juu mmezoea kutuletea uchafu!” Anayeambiwa hivyo mbele ya watu hawezi kufikiri juu ya mfereji, hufikiri juu ya heshima yake tu. Hujibu kwa tusi, na tangu siku ile hutupa taka kusudi. Ulimi laini humtoa nyoka pangoni. Ulimi mkali humrudisha ndani.

Mwenye busara hufanya namna nyingine. Kwanza husafisha mbele ya mlango wake mwenyewe, ili asiambiwe kwamba aona taka za wenziwe tu. Kisha hungoja jioni, kazi zimekwisha, akaenda barazani kwa mwenye nyumba ya juu.

“Hodi, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Hawajambo nyumbani?”

“Hawajambo, bibi, tunashukuru. Nimekuja kwa shauri. Mfereji wetu umeziba, na sisi wa chini maji yanatuingilia vyumbani. Jumamosi tunataka kuuzibua. Nakuomba koleo lako, na neno lako kwa vijana.”

“Koleo lipo, na mjukuu wangu atakuja nalo. Lakini lile tope mtalitupa wapi? Mwaka juzi mlilirundika kando, mvua ya kwanza ikalirudisha lote.”

Hakumwambia, “Mfereji wako”, alimwambia, “Mfereji wetu.” Hakwenda kumshitaki, alikwenda kumwomba koleo na shauri. Naye bibi, kwa kuwa aliheshimiwa, alitoa zaidi ya alivyoombwa, maana swali lake ndilo swali kubwa. Kuzibua mfereji na kuacha tope ukingoni ni kazi bure. Hapana budi kupatikane mkokoteni au gari la taka siku ile ile, na fedha yake ichangwe kabla ya koleo la kwanza kuingia.

Kadhalika na choo kilichojaa. Kumtukana anayetapisha choo hakumpi fedha ya kulipa gari. Dar es Salaam wako watu wafanyao kazi ya kutapisha vyoo kwa njia ya halali, wenye pampu ndogo za mkono na pikipiki za magurudumu matatu ziingiazo vichochoroni. Nyumba tatu au nne zikipatana na kuwaita siku moja, gharama huwa nyepesi, wala hapana atakayengoja usiku wa mvua.

Hata hivyo, kuna mambo yaliyozidi nguvu za majirani. Mfereji mkubwa uliobomoka, au jalala lisilozolewa kwa majuma mengi, havitengenezwi kwa makoleo ya vijana. Na jirani aliyeambiwa kwa upole mara mbili na tatu, naye akashupaa, hana budi kupelekwa mbele. Kwa mambo hayo yupo mwenyekiti wa mtaa, ambaye watu wenyewe humchagua, na yupo bwana afya. Si uchongezi kwenda kwao. Ni haki ya kila mtu. Uchongezi ni kwenda kwao kabla ya kuzungumza na jirani mwenyewe.

Watoto nao wana sehemu yao. Mtoto haendi kumfundisha mzee adabu, lakini aweza kupindua vifuu na makopo uani, kufunika mtungi, kutia taka katika pipa wala si mferejini, na kutocheza katika maji ya mvua hata wenzake wakimcheka. Ajuaye kusoma aweza kuandika majina ya waliochanga na kiasi cha kila mmoja, akawasomea wazee jioni barazani, ili asiwepo wa kunung'unika. Katika mitaa mingi, kazi njema huvunjika kwa sababu ya senti zisizojulikana zilikokwenda kuliko kwa sababu ya uvivu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfereji wa mtaa hutaka koleo siku moja kwa mwezi, na maneno mazuri siku zote. Mtaa usioutoa mchango huo huulipa wakati wa masika, kwa magodoro yaliyolowa, kwa siku za kazi zilizopotea, na pengine kwa maisha ya mtoto. Na mtoto huyo mara nyingi ni wa yule akaaye chini kabisa, ambaye hapana mtu aliyekwenda kuketi naye barazani.