Kibra, Mji wa Kale Ulio Karibu Nasi

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha soma habari za wasafiri waendao nchi za mbali kutazama miji midogo ya kale. Huko Marekani, kwa mfano, uko mji mdogo uitwao Williamsburg katika jimbo la Virginia. Mji huo ulikuwa makao makuu ya jimbo tangu mwaka 1699 hata mwaka 1780, kisha makao yakahamishwa, nao ukasahauliwa. Mwaka 1926 kazi ya kuufufua ilianzishwa kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller mdogo. Nyumba za zamani zilitengenezwa, na zile zilizokwisha bomoka zikajengwa upya juu ya misingi yake. Leo watu husafiri maelfu ya maili ili waone jinsi watu wa zamani walivyokaa, walivyopika na walivyofua vyuma.

Jambo hilo ni jema, nasi hatuna sababu ya kulionea wivu. Mji mdogo wa kale tunao hapa Nairobi, na kuufikia hakuhitaji pasi wala tikiti ya ndege. Mji huo ni Kibra, ambao wengi wetu huuita Kibera. Jina hilo ni la Kinubi, na maana yake ni msitu. Watu wakitaja Kibera siku hizi hutaja matope, vyoo na mabati, na habari hizo si uongo. Lakini ni nusu ya habari tu, na nusu iliyobaki ndiyo nitakayo kuwaeleza.

Mimi ni karani wa Serikali, na makao yangu ni Kawangware. Kibera nimekwenda mara nyingi kwa shughuli, bali safari hii nilikwenda kama msafiri, yaani kwa kutazama, kuuliza na kusikiliza. Nilichagua siku ya Jumamosi, nikaondoka nyumbani saa mbili asubuhi kwa miguu, nikishika njia ya Dagoretti Corner. Nilipofika Ngong Road nilipinda kwanza upande wa magharibi ili niyaone makaburi ya askari wa vita vya pili vya dunia. Hapo wamelala askari zaidi ya 1,900. Mawe yao yamepangwa kwa safu zilizonyoka, majani yamekatwa vizuri, na kila jina linasomeka. Naliona ni vema kuanzia hapo, maana mji niliokuwa nikiuendea nao pia ni mji wa askari.

ASILI YA MJI

Yafaa msomaji ajue kwanza watu hawa walitoka wapi. Katika miaka ya 1880 Emin Pasha alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta, upande wa kusini wa Sudani. Vita vya Mahdi vilipoenea, na Khartoum ulipotekwa mwaka 1885, yeye na askari wake walikatiwa njia ya kurudi kaskazini. Emin aliondoka mwaka 1889, lakini askari wengi wakabaki pamoja na wake na watoto wao karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko, akawaandika katika kazi ya Kampuni ya Kiingereza, akawaleta Uganda. Hawakuwa kabila moja. Miongoni mwao walikuwamo Wadinka, Washiluki, Wabari, Walendu na wengineo. Kilichowaunganisha ni jeshi, dini ya Kiislamu, na lugha yao ya Kinubi iliyozaliwa na Kiarabu cha kambini.

Mwaka 1902 jeshi la Keya lilipoundwa, askari hao walitiwa humo. Reli ilikuwa imekwisha fika Nairobi mwaka 1899, na mji ulikuwa mchanga bado. Tangu yapata mwaka 1904 Wanubi walianza kukaa katika msitu ule uliokuwa kusini magharibi ya mji, na mwaka 1918 Serikali ikaitangaza sehemu hiyo kuwa ya jeshi, eka 4,197. Askari mstaafu alipewa hati ya shamba, akajenga nyumba ya udongo, akalima mahindi na kufuga ng'ombe. Ile hati ilimpa ruhusa ya kukaa, wala haikusema kwamba ardhi ni yake. Mambo yote yaliyofuata yametoka katika tofauti hiyo ndogo ya maneno, na sisi makarani twajua vema jinsi neno moja katika hati liwezavyo kuinua nyumba au kuiangusha.

YALE NILIYOYAONA

Kutoka Ngong Road niliingia kwa njia ya Adams Arcade, nikapita soko la Toi. Soko hili la mitumba ni kubwa sana, na mgeni aweza kutumia asubuhi nzima humo asiufikie mji. Mbele ya soko ndipo Makina, moyo wa Kibra ya zamani, palipo na msikiti wa Wanubi. Huko nyumba za kale hutambulikana upesi. Kuta zake ni za udongo, paa ni la mabati yaliyoiva kutu, na mbele kuna baraza ambapo wazee huketi. Nyumba hizi hazikujengwa kwa mawe kwa sababu wenyewe hawakuruhusiwa kujenga majengo ya kudumu. Basi mgeni asidhani kwamba udongo ule ni dalili ya uvivu.

Nilikuwa nimepatana na rafiki mmoja wa kazini anipeleke kwa bibi yake. Kwa Kinubi bibi huitwa haboba, nami nilimwamkia shikamoo, nikamwita hivyo, akafurahi. Alikuwa amevaa gurbaba, nguo ya kujifunga ya wanawake wa Kinubi, na alinipa chai na gurusa, mkate mwembamba kama chapati. Ukutani zilitundikwa sinia za ukindu zilizosukwa kwa rangi nyingi, kazi ya mikono yake mwenyewe. Aliniambia kwamba siku za arusi ngoma yao ya doluka huchezwa mpaka leo, na kwamba wajukuu wake huicheza vizuri kuliko wanavyosema Kinubi.

Baada ya chai akatoa kibweta cha bati. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya babu yake ya kuachishwa kazi katika Keya, imekunjwa mara nne na kuanza kukatika penye mikunjo. Niliishika kwa uangalifu kama nishikavyo faili la zamani ofisini. Haboba alisema karatasi hiyo imevuka mvua nyingi na moto mara mbili, kwa kuwa kila hatari ilipotokea, kibweta kilitolewa nje kabla ya magodoro.

Kisha tulitembea. Majina ya vijiji ni kitabu kwa mtu ajuaye kukisoma. Kambi Muru na Kambi Lendu hukumbusha makabila yaliyokuja pamoja na jeshi. Laini Saba, kwa wasemavyo wenyeji, ni mahali askari walipojifunza kulenga shabaha. Kisumu Ndogo yaonyesha kuja kwa ndugu zetu kutoka upande wa Ziwa. Kati ya vijiji hivi hupita reli, na watu huitumia kama njia yao kuu ya miguu, wakijitenga garimoshi likipiga honi. Upande wa kusini liko Bwawa la Nairobi, lililochimbwa katika miaka ya 1950, ambalo sasa limefunikwa na magugu. Na karibu sana uko uwanja wa gofu wa klabu iliyoanzishwa mwaka 1906. Majani ya kijani ya upande mmoja na mabati mekundu ya upande wa pili hutenganishwa na ukuta tu.

JAMBO LILILO ZITO

Mji wa kale si majengo na vyakula tu. Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili katika Nairobi. Jambo la kwanza, zile sanamu za askari na mchukuzi zilisimamishwa katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, kuwakumbuka Waafrika waliotumika na kufa katika vita vya kwanza vya dunia. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yasema kwamba wana watayakumbuka majina yao. Jambo la pili, mwaka huo huo jeshi liliikabidhi Kibra kwa utawala wa raia. Tangu hapo Wanubi hawakuwa na mkubwa wa jeshi wa kuwasemea. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Bwana Carter, ambayo taarifa yake ilitoka mwaka 1934, iliwahesabu kuwa watu wakaao kwa ridhaa ya Serikali, si wenye ardhi.

Baada ya uhuru mwaka 1963 watu wa makabila mengine walikuja wengi, wakapanga vyumba, wakajenga, wakazaa. Katika eneo la zamani pakajengwa mitaa kama Jamhuri, Ayany, Olympic na Fort Jesus. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha watu 170,070 katika Kibera, ingawa magazeti ya ng'ambo yalikuwa yamezoea kutaja milioni nzima. Vijana wa Kinubi nao kwa miaka mingi walipoomba vitambulisho waliitwa mbele ya kamati wathibitishe kwamba ni Wakenya, jambo ambalo jirani zao wengi hawakuulizwa. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia.

Hatimaye, mwaka 2017, Wanubi walipewa hati ya ardhi ya pamoja, eka 288. Msomaji apendaye hesabu aone mwenyewe: katika kila eka 100 za mwaka 1918, hazikurudi hata eka 7. Haboba hakuzungumza habari hiyo kwa uchungu. Alisema tu kwamba babu yake alipewa karatasi ya kukaa, yeye ameishi hata akaona karatasi ya kumiliki, na kwamba kazi ya wajukuu ni kuilinda isije ikagawanyika.

Wala wasio Wanubi hawakusalimika. Mwezi wa Julai mwaka 2018 nyumba nyingi na shule kadhaa zilibomolewa kuipisha barabara mpya ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road, na watu wapatao 30,000 wakakosa makao. Katika watu hao walikuwamo Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na Wanubi, na wengi wao walizaliwa papo hapo. Kwa hiyo mgeni asije akasikiliza historia ya mji huu kama kesi ya kabila moja dhidi ya jingine. Ni historia ya watu wengi waliojenga juu ya ardhi ambayo karatasi yake ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Sisi wa Kawangware tulio wapangaji hatuhitaji mkalimani kuielewa.

KWA ATAKAYE KWENDA

Nawashauri wasomaji waende, lakini waende kwa adabu. Tafuta kwanza mwenyeji wa kukupokea, maana mji huu si bustani ya wanyama, na mtu anayefua nguo mbele ya mlango wake hapendi kupigwa picha bila kuombwa. Vaa viatu imara. Ukitoka mjini, matatu nambari 8 itakufikisha. Ukitaka kununua ukumbusho, nunua sinia ya ukindu kwa mwanamke aliyeisuka mwenyewe, wala usipunguze bei kupita kiasi. Ukiwa mwalimu, wapeleke wanafunzi wako, wawaulize wazee maana ya majina ya vijiji na kuyaandika majibu.

Neno langu la mwisho ni kwa vijana wa Kibra wenyewe, wa makabila yote. Watu wa Williamsburg waliweza kuzijenga upya nyumba zilizobomoka kwa sababu ramani, barua na hati za zamani zilikuwa zimehifadhiwa. Kule Makina hati nyingi zimo katika vibweta vya bati chini ya vitanda, na habari nyingine hazijaandikwa kabisa, zimo vichwani mwa wazee ambao kila mwaka hupungua. Nakala moja ya karatasi haigharimu zaidi ya kikombe cha chai, na saa moja ya kumsikiliza mzee haigharimu kitu. Tangu mwaka 2013 jimbo la uchaguzi limeitwa Kibra, kwa jina la kale la msitu ule. Jina limekwisha rudi katika vitabu vya Serikali, na sasa yatupasa kuziandika habari za watu walioliita hivyo.