Dunga, mahali mashua kuukuu hutiwa injini

Mgeni akifika Kisumu huelekezwa kwanza kula samaki, na hilo si kosa hata kidogo. Lakini iko Kisumu nyingine ambayo mzazi anaweza kuwaonyesha watoto wake siku ya Jumapili. Toka mjini, shika njia ya kusini inayofuata ziwa, na muda si muda utafika Dunga, ufuo wa wavuvi unaopakana na kinamasi cha mafunjo. Baada ya kuwatazama kina mama wakipara samaki, sogea pembeni palipopinduliwa mashua. Huko ndiko kwenye kazi ninayotaka kukusimulia.

Mashua ya kawaida ya Ziwa Victoria huitwa Sesse, jina lililotoka katika visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Ni ya mbao zilizopigiliwa juu ya mkuku, na nyufa huzibwa kwa nyuzi za pamba. Nyingi za zamani zimechongoka mbele na nyuma pia. Umbo hilo lafaa sana kwa makasia na tanga. Taabu ni kwamba injini haina mahali pa kushika.

Na injini inatakiwa. Tangu biashara ya minofu ya mbuta iliposhamiri katika miaka ya 1980 na 1990, mvuvi hushindana na saa: samaki akichelewa kufika ufuoni, bei hushuka. Mwenye makasia hubaki karibu na ufuo, ambako samaki wamepungua. Mwenye injini huenda mbali akarudi mapema. Hata hivyo, injini mpya huweza kugharimu kuliko mashua yenyewe, na mwenye mashua ana karo ya kulipa. Basi hununua iliyochoka, iliyokwisha kutumiwa na wengine wawili watatu, kisha humpelekea fundi mashua ya babake.

Fundi huanza kwa msumeno. Hukata ncha ya nyuma, yaani tezi, na mahali pake huweka ubao mnene uliosimama wima, ulioshikwa ndani kwa vipande vya mti vilivyopinda kama goti. Ubao huo ndio utakaobeba yote. Injini ya nguvu za farasi 15 ina uzito wa zaidi ya kilo 30, nayo haikai kimya. Husukuma na kutikisika mchana kutwa. Kijana mwenye haraka akiuliza kama misumari haitatosha, jaduong' hutikisa kichwa: misumari ni ya mbao, injini ni ya bolti zinazopita upande wa pili.

Kuna hila moja ambayo mimi siipendi. Injini hizi huuzwa zikiwa na mguu mfupi wa inchi 15 hivi, au mrefu wa inchi 20. Anayeokota ya bei nafuu hachagui, na mara nyingi hupata mfupi kwa mashua iliyo ndefu nyuma. Propela hubaki juu mno, ikipiga hewa na povu. Dawa rahisi ni kuchonga pengo katika ule ubao ili injini ishuke. Mashua itakwenda, ndiyo, lakini pengo hilo ni mlango. Wimbi likija kutoka nyuma huku chombo kimejaa watu, maji huingia hapo kabla nahodha hajageuka. Mafundi waangalifu hujenga kizuizi cha mbao mbele ya pengo, ili maji yakiingia yatoke tena yasifike kwa abiria. Mbao zenyewe ni kidogo tu, na sioni sababu ya mtu kuzibania.

Kwa injini yenyewe, ujuzi wa jua kali unatosha kwa mengi. Propela iliyovunjika ncha kwa mwamba huchomelewa na kusuguliwa kwa tupa, na kabureta husafishwa mpaka ing'ae. Injini hizi kuukuu nyingi ni za mipigo miwili, zisizo na vali kama zile za injini za mipigo minne, kwa hiyo fundi huweza kuifungua moja chini ya mwembe akairudisha siku hiyo hiyo. Ni za ukoo mmoja na zile zilizoendesha pikipiki za theluji huko Kanada na Marekani, ambako pia watu wasio na fedha hufufua mashine za baba zao. Kampuni ya Yamaha, ambayo jina lake utaliona sana hapa, ilianza kuuza pikipiki za theluji mwaka wa 1968.

Yasiyofaa kubaniwa ni mafuta na maji. Injini nyingi za aina hii hutaka nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, na baadhi ya zile za zamani hutaka zaidi. Anayepunguza oili hununua pistoni. Maji nayo ndiyo yanayoipoza: hufyonzwa na pampu yenye kipangaboi cha mpira, kitu kidogo kinachotosha kiganjani. Mchanga hukila. Tena kuna gugumaji, lililotapakaa ziwani upande wetu tangu miaka ya 1990, ambalo huzonga propela na kuziba matundu ya kufyonzea maji.

Mji huu umezoea kuungaunga vyombo. Meli ya SS William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaunganishwa papa hapa na kushushwa majini mwaka wa 1900, kabla reli haijafika mnamo Desemba 1901. Siku hizi huko Mbita kuna wanaowakodisha wavuvi injini za umeme. Nazo zinahitaji ubao imara wa kushika.

Ukitaka kupanda, nenda asubuhi kabla upepo wa alasiri haujaamka. Omba koti la kuokolea kwa kila mtoto, kisha inama utazame bolti na ule ubao wa nyuma. Injini ikishawaka, tafuta uzi mwembamba wa maji unaoruka kando yake. Usipouona, shukeni mngoje mashua nyingine.