Barabara ya Kasenga: frigo ya Papa Veto ilikuwa inalala usiku

Wakaaji wa vijiji vya barabara ya Lubumbashi kwenda Kasenga wanamuita Papa Veto. Ni mzee wa miaka 60 na kitu, fundi wa mifugo aliyestaafu, mwenye Toyota HiAce ya zamani. Viti vya nyuma alivitoa, akaweka kitanda cha mbao, jiko dogo la makala, jeri ya maji na frigo. Analala humo humo, leo kijiji hiki, kesho kingine, akichanja kuku. Abiria habebi, hata wakimbembeleza.

Frigo hiyo ilitoka Ubelgiji. Mdogo wake aliitoa kwenye gari la watu wa kutembea likizo, akaituma kwenye kontena pamoja na vyombo vingine. Ni ya litre 40, inatumia umeme wa batri ya volti 12, na ina kompresa ya kweli kama frigo ya nyumbani. Siyo yale masanduku ya bei ndogo yanayouzwa sokoni, ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Yale hayana kompresa. Yanapunguza joto la nje kidogo tu, na yanakula batri bila kupumzika. Siyo pia kama frigo za petroli ambazo vituo vya afya vya zamani vilikuwa navyo, zile zilizotaka kusimama sawasawa mahali pamoja. Ya kompresa inavumilia gari kuinama na mashimo ya barabara. Papa Veto alipoisikia inanguruma mara ya kwanza, alisema kazi yake imepona.

Ndani yake kuna kitu kidogo: vichupa vya chanjo ya Newcastle, ugonjwa ambao sehemu nyingine wanauita kideri. Kuku asiyechanjwa akiupata, mara nyingi ni kifo, na banda zima linaweza kuisha kwa siku chache. Chanjo anayoitumia inataka kukaa kati ya digri 2 na 8. Tone moja kwenye jicho la kuku, basi. Lakini chanjo iliyopata joto haibadiliki rangi wala harufu. Unaitia jichoni kama ile nzuri, unapokea pesa, unaenda zako.

Ndivyo ilivyotokea mwaka jana. Mwezi wa kumi, wakati jua linachoma kabla ya mvua, alichanja kuku 38 wa mama mmoja mjane karibu na mto Luapula. Mama huyo alilipia ada ya shule ya watoto kwa kuku hao. Wiki tano baadaye ugonjwa ulipita kijijini. Walibaki kuku sita. Papa Veto aliporudi na gari lake, mama hakupiga kelele. Alileta kiti, akamkaribisha bukari, halafu akamuuliza: « Papa, ile ilikuwa dawa ao maji? »

Hakuwa na jibu. Asubuhi ile ya kuchanja alikuwa ameangalia namba kwenye kioo cha frigo kabla ya kufungua: 5. Alikumbuka vizuri. Wengine wangesema ni bahati mbaya na kuendelea na safari, na kusema kweli hakuna mtu kijijini angeweza kumshitaki. Yeye aliegesha gari chini ya muembe na kulala palepale, bila hamu ya kwenda mbele.

Usiku huo, saa nane hivi, aliamka. Si kelele iliyomuamsha, ni kimya. Frigo iliyozoea kunguruma na kunyamaza, kunguruma na kunyamaza, haikusema kitu tena. Akawasha tochi: kioo kilikuwa cheusi. Akafungua, akaweka mkono ndani. Vuguvugu. Alfajiri akawasha moteri, na mara ile frigo ikaanza kazi kama hakuna kilichotokea. Alipofika kijiji cha pili, saa tatu na nusu, kioo kilionyesha 5.

Hapo akaelewa. Frigo ilikuwa inalala usiku na kuamka na gari. Namba ya asubuhi ilikuwa ya kweli, lakini haikuelezea habari za usiku. Chanjo zote alizokuwa nazo alizitupa, akarudi Lubumbashi.

Fundi wa umeme wa magari, kijana wa garaji moja ya mjini, hakuanza na frigo. Alianza na batri. Aliweka kipimo juu yake: volti 12,2. Akaweka kipimo kwenye mdomo wa frigo, kompresa ikizunguka: 10,9. « Papa, angalia. Batri inatoa, njiani inapotea. » Waya iliyotoka mbele mpaka nyuma ilikuwa nyembamba kama ya redio, na tundu la sigara lilikuwa limelegea. Frigo kama hizi zina ulinzi: zikiona volti imeshuka sana zinajizima, ili gari liweze kuwaka asubuhi. Ulinzi huo una ngazi tatu, na ya Papa Veto ilikuwa imewekwa ngazi ya juu, inayozima mapema. Kwa hiyo frigo ilidhani batri imeisha, kumbe ilikuwa bado.

Lakini hesabu nyingine haikuwa ya waya. Kompresa ikizunguka inakula ampea 4 ao 5. Wakati wa joto inazunguka karibu nusu ya saa zote, kwa hiyo siku na usiku zinaweza kumaliza ampea-saa 50. Batri ya gari ilikuwa ya 70, na batri ya namna hiyo ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Hata na waya nzuri, usiku wa gari kusimama ungekuwa mrefu.

Akauza pikipiki yake. Alinunua batri ya pili ya 100, ya frigo peke yake, na rele inayoziunganisha moteri ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Waya nene, fyuzi karibu na batri, tundu la sigara likaachwa kabisa. Paneli ya jua ya wati 100 juu ya paa. Fundi alitoa pia godoro lililokuwa limeegemea frigo upande wa matundu ya hewa. Kompresa ilikuwa inapumua joto lake yenyewe. (Godoro hilo lilikuwa hapo miezi kumi na moja. Mambo mengine ni aibu kuyasema kwa mke.)

Mengine alijifunza mwenyewe. Anaipoza frigo nyumbani usiku mzima kabla ya safari. Anajaza nafasi tupu kwa chupa za maji baridi, maana frigo yenye hewa tupu inapoteza baridi kila ukifungua. Soda za vijana hazingii tena. Na amenunua kipimajoto kinachoshika namba ya juu na ya chini tangu jana yake, anakiweka katikati ya vichupa.

Mwezi wa tatu alirudi kwa yule mama. Alikuwa na kuku 14, vifaranga wengi. Papa Veto alisema hatapokea pesa. Mama akakataa: dawa ya bure, alisema, hauna mtu wa kuuliza. Wakakubaliana nusu. Kisha, kabla hajamshika kuku hata mmoja, akaingia mwenyewe garini, akainama, akafungua frigo.

« Ya usiku ni ipi? »

Akamuonyesha. Juu 7, chini 3. Mama alisoma mara mbili, akafunga mlango kwa mkono wake, akaita watoto walete kuku.