Panya walipona, na mama mdogo?

Mwezi huu siwaletei habari za darasani. Nawaletea za nyumbani kwetu, hapa Rusizi.

Mama yangu mdogo ana presha, na mafigo yake yameanza kuchoka. Kila siku alikuwa anakunywa enalaprili aliyopewa kliniki. Siku moja akarudi kutoka soko la Kamembe na unga wa majani. Muuzaji alimwambia: "Mama, hii imejaribiwa kwa panya wenye ugonjwa wa figo, wote wakapona." Basi akaacha vidonge. Baada ya wiki tatu miguu ilivimba, hata kandambili zikakataa kuingia.

Sikumgombeza, maana ni mzazi. Nilimuuliza tu: "Mama, baada ya panya walijaribu kwa nani?" Akanyamaza.

Ni kweli, panya wanasaidia. Ugonjwa unaotuchukua sisi miaka, kwao unaonekana kwa wiki chache. Mwaka 1986 madaktari wa Boston, Marekani, walieleza juu ya panya waliokatwa sehemu kubwa ya mafigo. Kuna waliopewa dawa zingine za presha, na kuna waliopewa enalaprili. Kwa wote presha ilishuka, lakini ni wale wa enalaprili ndio figo lao lililobaki lilikingwa.

Hata hivyo kazi haikuishia kwa panya. Kaptoprili, dawa ya ukoo huohuo, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa sukari 409 ambao mafigo yao yalishaanza kuharibika. Wengine walipewa dawa, wengine kidonge kitupu, bila kujua nani kapata nini. Majibu yalitoka mwaka 1993: kwenye dawa, waliokufa, au waliofikia kusafishwa damu kwa mashine au kuwekewa figo la mtu mwingine, walipungua karibu nusu. Dawa haikuponya figo, ilichelewesha ugonjwa.

"Kumbe mwanangu, niliacha kile kilichopimwa kwa watu?"

"Ndiyo, mama."

Kesho yake nilimsindikiza kliniki, na ule unga tukaubeba ili wauone. Alipimwa presha na damu, akarudishiwa vidonge. Uvimbe umepungua, lakini tumeambiwa sehemu ya figo iliyokwisha kufa hairudi. Hiyo ndiyo inaniuma.

Ndugu zangu, mtu akisema dawa yake imeponya panya, msigombane naye. Muulizeni: na watu je? Na kabla hajajibu, msiache vidonge vyenu.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.