Sehemu ya 9: Zimwi la mtoto usilichome moto

Wiki iliyopita tulimaliza mambo ya kuharisha. Leo tuongee kuhusu mchezo. Ndiyo, mchezo. Wengi mmeniuliza zile dadu za rangi zilizo mezani kwangu ni za nini, na kuna aliyeuliza kama ni za kupigia ramli. Si ramli jamani. Tulieni niwaeleze.

Kuna mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, unaitwa Dungeons & Dragons. Waliutunga Gary Gygax na Dave Arneson. Mimi niliujulia chuo cha uuguzi, rafiki yangu wa bweni alikuwa na dadu zake kwenye soksi, na mpaka leo sijauacha. Mnakaa mezani au mkekani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mtu anachagua awe nani ndani ya hadithi. Msimulizi anasema, "Umefika mtoni, daraja limevunjika, unafanya nini?" Unaamua, unarusha dadu, dadu inasema umefaulu au umetota. Hakuna anayeshinda peke yake, mnavuka wote au mnakwama wote.

Ukiangalia vizuri, ni ile hadithi ya bibi iliyoongezewa dadu. Bibi akisema "Paukwa!" sisi tuliitikia "Pakawa!", lakini sungura alifanya anachotaka bibi. Huku sungura ni wewe.

Hapa Rusimbi sihangaiki na majumba ya wafalme wa Ulaya. Nachukua katoni, nachora ziwa. Huku bandari ya Kigoma, hapa Kibirizi, juu kidogo Gombe, kisha Mwamgongo, na ng'ambo milima ya Kongo. Dadu ni ya ludo tu. Watoto wanagawana kazi: nahodha, fundi wa injini, mvuvi, nesi. Wote wanataka unahodha, unesi hautaki mtu, sijui kwa nini! Upepo ukigeuka wanabishana, wanapanga, wanahesabu mafuta. Mtoto asiyependa hesabu utamkuta anagawanya lita kwa safari bila kulazimishwa.

Halafu kuna michoro, kwa sababu kila hadithi inahitaji dude lake, na watoto wanapenda kulichora. Hapo ndipo mama wengi mnaogopa. Mtoto akichora ua, linabandikwa ukutani. Akichora zimwi lenye meno, mnatafuta kiberiti.

Nawakumbusha kwamba nchi yetu ina wachoraji waliojulikana duniani kwa madude hayo hayo. George Lilanga, mzaliwa wa upande wa Masasi, alichora mashetani wenye masikio makubwa na midomo mirefu, wanacheza ngoma, wanagombana, wanaishi kama majirani zako. Kisukari kilimfanya akatwe miguu, na bado aliendelea na kazi, hadi alipofariki mwaka 2005. Wachonga vinyago wa Kimakonde nao wana mashetani yao. Hakuna aliyesema watu hawa wachomewe kazi zao. Tunawauzia watalii.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mama mwenyewe ameniruhusu, ila nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane.

Alikuja na mtoto wa miaka 7. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani siku nyingi, ameanza tena. Halali vizuri. Na kila karatasi anayoipata anachora dude moja: mdomo mkubwa, macho mekundu, limekaa ndani ya maji. Majirani wamemwambia mama kwamba mtoto ana kitu, achome michoro, amtafutie mtu wa kumwagua.

Kwanza tulipima. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumrudisha mtoto kwenye kukojoa kitandani. Kisukari pia, hasa ukiona anakunywa maji sana na anakonda. Hata choo kigumu. Vyote vilikuwa sawa. Nasisitiza hapa: vipimo kwanza, mchezo baadaye.

Jumamosi mama akamleta nyumbani acheze na wanangu. Akachagua ufundi wa injini. Tukaenda vizuri mpaka niliposema, "Usiku umeingia, taa zimewashwa, dagaa wanakusanyika." Akaweka dadu chini. Akasema boti isiende.

"Kwa nini, fundi?"

"Lipo."

"Linataka nini?"

Akakaa kimya. Wenzake nao, Mungu awabariki, wakamsubiri. Mwisho akasema, "Linachukua wasiovaa."

Wasiovaa nini? Jaketi la kuokolea. Kumbe baba yake ni mvuvi wa dagaa. Mtoto alisikia wakubwa wanazungumza habari ya boti iliyopinduka, kwamba waliovaa jaketi waliokolewa. Na baba yake havai. Kwa hiyo usiku, ziwa likiwa limejaa taa, yeye analala macho wazi anamngoja.

Niambieni, hapo mwenye tatizo nani? Mtoto alikuwa amepiga hesabu sahihi. Alikosa tu maneno ya kumwambia baba, akachora meno.

Baba alipoambiwa alicheka, akasema jaketi linambana akivuta nyavu. Mama hakubishana. Alimwekea ule mchoro mezani, akamwambia maneno ya mwanawe kama yalivyo. Siku chache baadaye jaketi likapatikana. Mambo hayajaisha yote. Siku za mwezi mkubwa, wavuvi wasipotoka, mtoto anaamka mkavu. Baba akiwa ziwani, kuna usiku bado analowesha, ila si kama mwanzo.

Hofu hii ya wazazi si yetu peke yetu. Miaka ya 1980 huko huko Marekani wazazi na wahubiri wengi waliupigia kelele mchezo huu, wakasema unawaingiza watoto kwa shetani. Nawaelewa. Mtu anaogopa asichokijua. Lakini ukichoma karatasi, hofu ya mtoto inabaki palepale, na safari nyingine hatakuonyesha.

Mkitaka kujaribu nyumbani, mambo manne. Dadu ndogo weka mbali na mtoto wa chini ya miaka 3, atameza au itamkaba. Mtoto akisema basi, acheni hapo hapo. Usimcheke. Na kama hali kabisa, hasemi na mtu, au anazungumzia kufa au kujiumiza, usingoje Jumamosi ya mchezo, mlete kituoni leo.

Usiku huu, ukikuta karatasi yenye dude, muulize mwanao maswali matatu: linaitwa nani, linakaa wapi, linataka nini. Kisha nyamaza, hata kama ugali unaungua.

Wiki ijayo, sehemu ya 10: homa ya usiku, lini usubiri na lini ukimbie. Lala salama mama zangu.