Kabla Hujafunga Kitoroli Ubavuni mwa Pikipiki Yako

Leo tuache kidogo mbegu na viuatilifu, tuzungumzie chombo cha kutoa mzigo shambani. Tangu viazi vianze kuchimbwa huku kwetu Usambara, nimeulizwa swali moja tena na tena: "Bwana shamba, nikifunga kitoroli cha gurudumu moja ubavuni mwa pikipiki, gunia langu litafika barabarani salama?" Wengine hukiita sidikaa. Hapa nitakiita kitoroli.

Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Gurudumu la tatu halileti usalama lenyewe. Usalama unatoka kwenye vipimo vya kukifunga, mahali unapoweka mzigo, na mikono yako kujifunza upya.

Nina sababu ya kulichukulia swali hili kwa uzito. Mdogo wangu alikuwa bodaboda. Siku moja ya ukungu alipakia magunia mawili ya viazi kwenye keria, akateremka mlima, tairi la mbele likateleza na magunia yakamlalia mguu. Ni mwaka wa sita sasa. Anatembea, lakini hawezi kupiga kiki ya pikipiki. Mimi mwenyewe natumia kitoroli mwaka wa tatu huu, nikibeba miche ya parachichi na boksi la chanjo ya kideri. Kimenisaidia sana, na kila siku nakiheshimu kama mtu anavyoheshimu ng'ombe dume.

Wala si jambo geni duniani. Ufilipino, pikipiki ndogo zenye vitoroli vya ubavuni ndizo usafiri wa kila siku wa mitaani na vijijini. Karibu zaidi, katika wilaya ya Mangochi nchini Malawi, pikipiki za namna hii ziliwahi kutumika kama gari la wagonjwa, kuwatoa wajawazito kwenye vituo vya afya vya vijijini na kuwapeleka hospitali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa zilipunguza ucheleweshaji kwa saa 2 hadi 4 na nusu. Kwa hiyo chombo kinafaa njia mbaya. Kinachobaki ni kujua kama kinafaa njia yako.

Kwanza, pima njia

Chukua futi kamba, tembea kutoka shambani hadi barabara kuu. Pikipiki ya kawaida inahitaji mstari mmoja tu wa kupita. Yenye kitoroli inahitaji upana wa karibu mita 1 na nusu, na kila jiwe lina nafasi ya kukutana na gurudumu fulani. Kama sehemu ya njia ni ya miguu tu, kata shauri mapema: punda au kichwa hadi pale njia inapopanuka, kisha kitoroli.

Penye njia ya magari, angalia makorongo mawili yaliyochimbwa na matairi. Pikipiki itapita korongo la kulia na gurudumu la kitoroli litapanda tuta la katikati, kwa sababu kitoroli ni chembamba kuliko gari. Hapo chombo chote kinalala kulia, upande wako. Ukiona tuta limepanda juu sana, chepuka au shusha mzigo.

Vipimo vya kumwambia fundi

Wengi tunamwachia fundi kila kitu. Fundi wa kuchomelea geti ni mzuri kwa geti. Mpe vipimo hivi, na usimame hapo akipima.

1. Upande. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kitoroli kikae kushoto.

2. Sehemu za kushika ziwe nne: mbili chini, mbili juu. Tatu zinapinda, mbili zinakatika. Tumia vibano vya chuma vinavyokumbatia fremu na kufungwa kwa bolti. Usikubali kuchomelea moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki. Bomba lake ni jembamba, na moto wa kuchomelea unalidhoofisha pembeni mwa mshono. Ufa utaanzia hapo.

3. Gurudumu la kitoroli likae mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma la pikipiki kwa sentimita 15 hadi 25. Likirudi nyuma sana, kitoroli kitachimba pua chini ukikata kona ya kulia. Likienda mbele sana, usukani unakuwa mzito na matairi yanalika.

4. Gurudumu liangalie ndani kidogo. Laza ubao ulionyooka kando ya magurudumu mawili ya pikipiki, na mwingine kando ya gurudumu la kitoroli. Nafasi kati ya mbao hizo kwa mbele iwe ndogo kuliko ya nyuma kwa milimita 10 hadi 20.

5. Pikipiki iegemee nje kidogo, kulia, kitoroli kikiwa kitupu. Tumia timazi: kwa urefu wa mita 1, iwe imeegemea milimita 17 hadi 35. Ukipakia, springi ya kitoroli itabonyea na pikipiki itasimama wima.

6. Tumbo la kitoroli na vyuma vyake visiwe chini kuliko tumbo la injini. La sivyo vitakuwa jembe.

7. Rimu na tairi la kitoroli viwe sawa na vya pikipiki kama inawezekana. Tyubu moja ya akiba itakutoa popote. Weka na shokapu. Kitoroli kisicho na springi kinavunja vibano na kuponda nyanya.

8. Breki kwenye gurudumu la kitoroli. Watu huikwepa kwa sababu ya gharama. Kwenye milima kama yetu, mimi singefunga kitoroli bila hiyo.

Mzigo

Tufanye hesabu. Dereva kilo 70, kitoroli chenyewe kilo 60, gunia kilo 100. Jumla 230, na pikipiki yenyewe ina kilo kama 120. Injini ya sisi 125 au 150 inavuta karibu mara mbili ya uzito wake. Ndiyo maana nasema gunia moja la kilo 100, lisiwe lumbesa. Lumbesa imekataliwa na sheria ya vipimo, na kwenye kitoroli inakataliwa pia na mlima.

Gunia lilale, lisisimame. Likae chini, karibu na ekseli ya kitoroli, kuelekea upande wa pikipiki. Ukiliweka nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unapoteza nguvu. Maziwa yana tabia yake: dumu lililojaa nusu linacheza, na mchezo huo unasukuma chombo kwenye kona. Jaza dumu, au gawa kwenye madumu madogo.

Hatari ambayo watu hawaitegemei ni kitoroli kitupu. Unarudi sokoni umeuza, unafurahi, unakimbia, na ubavu wa kushoto hauna uzito wa kuushika chini. Weka mfuko wa mchanga wa kilo 30 au 40, uufunge kwa kamba. Mimi wangu hautoki.

Mikono ijifunze upya

Pikipiki ya magurudumu mawili inalala kwenye kona. Hii hailali. Unageuza usukani kama wa trekta, na mwili wako unaegemea ndani ya kona kusaidia.

Ukikata kona ya kushoto kwa kasi, kitoroli kinanyanyuka. Ukishtuka, punguza gesi taratibu na nyoosha usukani kidogo. Ukikata kulia kwa kasi, uzito wote unaangukia pua ya kitoroli. Ukiongeza gesi, chombo kinavuta kushoto kwa sababu kitoroli kinaburuzwa. Ukishika breki za pikipiki peke yake, kinavuta kulia kwa sababu kitoroli bado kinataka kwenda. Kwenye mteremko wenye matope, kuvuta huko ndiko kunakotupa watu korongoni. Teremka kwa gia namba moja, breki kidogokidogo.

Njia inayokata ubavu wa mlima nayo ina kanuni yake. Kitoroli kikiwa upande wa juu na ni kitupu, chombo kinaweza kupindukia bondeni, na wewe ndiye uliye upande wa bonde. Pita polepole, mwili uegemee upande wa mlima. Ukiwa na shaka, shuka, sukuma.

Jifunze kwanza kwenye uwanja mkavu, na mfuko wa mchanga, bila abiria. Siku tatu za asubuhi zinatosha kuanza. Mpe funguo kijana wako baada ya naye kupita hapo. Kuwa dereva hodari wa bodaboda hakumsaidii, maana mikono yake imezoea kingine.

Matunzo na karatasi

Baada ya kilomita 50 za kwanza, kaza bolti zote tena. Baadaye ziguse kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kila wiki gonga spoku moja moja. Ile inayolia tofauti imelegea. Rimu ya pikipiki haikutengenezwa kusukumwa ubavuni, na sasa inasukumwa kila kona. Spoketi ya nyuma yenye meno matatu hadi matano zaidi itaokoa klachi. Mwaga oili mapema kuliko ulivyozoea.

Kabla hujalipa hata senti, nenda kwa askari wa usalama barabarani na kwa wakala wako wa bima, waulize kuhusu kubadili umbo la chombo. Ajali ikitokea na bima haijui kuwa una gurudumu la tatu, wanaweza kukataa kulipa, na deni litauza shamba.

Ukishajumlisha chuma, gurudumu, shokapu, breki na kazi ya fundi, linganisha na nauli unayolipa msimu mzima. Kama unatoa gunia mbili kwa wiki, pengine mwenye punda bado ni rafiki yako. Kama unatoa mzigo kila siku, au ninyi majirani watatu mnaweza kuchanga, kitoroli kinaweza kujilipa. Anza na futi kamba. Fundi baadaye.